Sensa Tatu za Gari la Mkunga

Tarehe 9 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitini, maana magoti yako nayajua. Huku sote wazima. Mama amepata miwani mpya, na tangu siku hiyo nyumba nzima imegundulika kuwa chafu. Ameosha hata kuta. Mapacha wa dada wanatambaa, kila mmoja kwa upande wake, na dada anasema angepewa macho mawili zaidi asingekataa.

Sasa, Mjomba, nina gari. Sikukupigia simu kwa sababu najua utasema nini: gari likielezwa kwa simu linakuwa na ugonjwa, likielezwa kwa barua linakuwa na historia. Haya, historia hii hapa.

Ni la mkunga mmoja wa makamo anayezungukia zahanati za pembezoni. Linazimika likiwa barabarani. Halikohoi, halitetemeki, linanyamaza tu kama mtu aliyekatizwa maneno. Baada ya nusu saa linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kompyuta ya gereji inataja sensa ya krenki, ile inayohesabu mizunguko ya injini. Tukabadilisha sensa. Siku nne, likazimika. Tukabadilisha tena. Siku sita, likazimika. Fundi wetu wa kompyuta, ambaye tunamwita Profesa kwa sababu hakuazimi spana bila hotuba, anashikilia kwamba kompyuta haikosei.

Bosi amenikabidhi mimi. Alinena mbele ya watu wote: "Majaribio yako yanaisha mwisho wa Mei. Ukilitibu hili, una kazi ya kudumu hapa. Likikushinda, tutaagana kwa heshima." Mjomba, kazi hii naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Lakini nikuambie ukweli, hata wangenifukuza leo ningeomba kwanza nielezwe gari hili linaumwa nini. Linanikera na linanifurahisha kwa pamoja.

Msalimie mkazamjomba.

Mpwa wako,
Bisibisi


Tarehe 27 Januari

Bisibisi,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilinikuta nimelala chali chini ya gari, mkazamjomba wako akanisomea kwa sauti huku mimi naona viatu vyake tu. Anakusalimu. Bado ananiuliza ile injini itatoka lini sebuleni. Nimemwambia itatoka ikipata mchumba.

Mwambie dada yangu kuta hazioshwi, ataziangusha.

Kuhusu gari. Kwanza, acheni kuifanya kompyuta hakimu. Kompyuta haisemi nani ameharibika, inasema nani analia. Mtoto akilia sebuleni, hamkimbilii kubadilisha mtoto. Sensa inalia kwamba haisikiki. Huenda yenyewe ni nzima na tatizo liko njiani, kati yake na masikio ya injini.

Pili, andikeni. Kila linapozimika ziandikwe saa, barabara, hali ya hewa, mzigo na kilichofanyika asubuhi yake. Mkunga amezoea kuandika saa, mpe daftari. Wewe nawe andika kila unachogusa, hata kama umegusa ukaacha. Mtu akiandika ndipo anapoona alichoruka.

Tatu, nani aliligusa gari hilo kabla halijaanza kuzimika, na alifanya nini? Hitilafu nyingi nilizokutana nazo maishani zilikuwa na baba na mama.

Kula vizuri. Fundi mwenye njaa hukaza nati zote kupita kiasi.

Mjomba wako


Tarehe 22 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama amekusikia, sasa anaosha dari.

Mkunga ni mtu wa ajabu. Nilipompa daftari alicheka, akasema, "Mwanangu, mimi nimezoea mambo yanayokuja bila kutoa ahadi ya saa." Lakini anaandika kwa usafi utadhani ni kadi ya mama mjamzito. Mara saba kwa mwezi. Mara tano ilikuwa mvua, au amepita kwenye dimbwi. Nikafurahi, nikasema maji hayo, nimekukamata. Tatizo likawa zile siku mbili kavu. Jua kali, barabara ina vumbi, gari limezimika. Nilizunguka na siku hizo mbili kichwani wiki nzima, nikawa naweka chumvi kwenye chai.

Basi juzi mkunga alipokuja nikamuuliza kama ulivyonifundisha, siyo "ulifanya nini" bali "niambie asubuhi yako tangu ulipovaa viatu." Akasimulia. Siku zote mbili alikuwa ameosha gari! Zahanati zina vumbi, hapendi kufika kwa wazazi na gari chafu. Mjomba, nilimkumbatia, na mikono yangu ilikuwa na grisi.

Kwa hiyo ni maji. Lakini maji ya wapi? Nilichukua ile chupa ya mama ya kunyunyizia maua, nikawasha injini, nikanyunyiza sensa. Wapi, injini inaunguruma tu. Nikanyunyiza plagi yake, pale waya unapochomekwa. Hakuna. Sanduku la fyuzi, hakuna. Nikaloa mimi, gari likabaki linanitazama. Nimepima waya kutoka mwisho hadi mwisho kwa mita ya umeme: uko sawa. Unakuwa mzima ukipimwa na mgonjwa ukiwa safarini, kama mtoto asiyetaka kwenda shule, ila kinyume chake.

Ulikuwa na swali la tatu, lakini karatasi inaniishia. Nitalijibu siku nyingine.

Mapacha, nilisahau. Mmoja amegundua kwamba mlango wa kabati unafunguka. Mwingine amegundua kwamba mwenzake akiwa ndani, mlango unafungika. Dada alisikia kilio, akatafuta chini ya kitanda, nyuma ya pazia, hadi nje, na huyu wa pili kakaa mbele ya kabati ametulia kama mlinzi.

Bisibisi


Tarehe 30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Wiki ya tano sijapata jibu. Kama unaumwa, mwambie mkazamjomba aniandikie hata mstari mmoja.

Bosi ameamua kwamba sensa zote mbili zilikuwa feki, na kwa kuwa aliyeziagiza ni Profesa, amemsimamisha kazi. Alitoka na kikombe chake cha chai mkononi, bila hotuba. Sensa ya tatu Bosi ameiagiza mwenyewe.

Na Jumanne gari lilizimika kwenye mvua likiwa na mama mwenye uchungu kiti cha nyuma. Mtoto alizaliwa humo humo, kando ya barabara. Wote wazima. Mkunga alinieleza taratibu, bila kunikasirikia, na hicho ndicho kilichoniuma. Gari tumelizuia hapa gereji. Kwa sasa anapanda pikipiki ya kukodi, na umri ule.

Nijibu, tafadhali.

Bisibisi


Tarehe 8 Aprili

Bisibisi,

Marahaba. Siumwi. Nilikuwa na mambo.

Namshukuru Mungu kwa huyo mama na mtoto wake. Mkazamjomba wako alilia, mimi nikatoka nje.

Nimeisoma barua yako ya Februari mara nyingi. Karatasi ilikuishia palepale kwenye swali la tatu, lakini mapacha walipata nafasi ya kutosha. Sikulaumu.

Sensa ya tatu msiifunge, itakuwa kazi bure. Fanya hivi. Chukua waya wa sensa. Anzia kwenye plagi, pima shubiri moja. Vua mkanda wa gundi hapo, vua na bomba la plastiki, mpaka waya ubaki uchi. Macho yasikudanganye, papasa kwa ncha ya kidole, kwa upande wa chini, ule ambao mtu akifungua boneti hauoni. Halafu shubiri ya pili. Halafu ya tatu. Ukikuta palipolainika au palipovimba, pasua ganda kwa wembe uone ndani. Maji yakishapata pa kuingilia husafiri ndani ya waya kama mafuta ndani ya utambi, ndiyo maana ukinyunyiza nje kwa dakika mbili hupati kitu. Na mita isikudanganye. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili utapimika mzima mpaka siku ukitikiswa.

Ukishaona, niandikie.

Mjomba wako


Tarehe 21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Nimeona.

Shubiri ya kwanza, kidole kikazama kidogo. Nikapasua. Ndani mlikuwa na unga wa kijani, shaba imeoza, zimebaki nyuzi mbili tu zinazoshikana kama watu wanaoagana. Shubiri ya pili, tundu dogo, limeanza kuoza. Shubiri ya tatu, tundu dogo. Yote upande wa chini. Yote ya sindano.

Nilikaa sakafuni muda mrefu. Wenzangu walidhani nimechoka.

Swali lako la tatu nalijibu sasa. Aliyeligusa gari hilo kabla halijaanza kuzimika ni mimi. Mwezi wa kumi, wiki yangu ya pili hapa, mkunga alilileta likiwa gumu kuwaka. Nikapima huku na huku, sensa ya krenki ikiwemo, kisha nikakuta ni mdomo wa betri, pale waya unapobanwa, umelegea. Nikaukaza, likawaka, Bosi akanisifu. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka hata kwenye karatasi jina langu likae karibu na ugonjwa ule. Nilijiambia nilipima tu, sikubadilisha kitu.

Nilipima kwa sindano ya cherehani iliyofungwa kwenye waya wa mita, kama ulivyonifundisha. Nilitoboa mara tatu, shubiri kwa shubiri, upande wa chini ili mwenye gari asione. Hakuna fundi mwingine hapa anayepima hivyo. Wote wanapimia nyuma ya plagi. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nimekihangaikia miezi minne kwenye nguo za Profesa.

Sasa nakuuliza, kwa heshima zote. Nilikuandikia kwamba maji yanaingia mahali. Wewe uliniandikia shubiri moja kutoka kwenye plagi, upande wa chini. Hukusema "jaribu," hukusema "huenda." Ulijua. Ulijua tangu lini?

Waya nimeubadilisha wote. Nimelimwagia gari maji kwa mpira asubuhi nzima, injini haijapepesa. Bosi anadhani ni sensa yake ya tatu na anatembea kifua mbele. Sensa hiyo bado iko kwenye boksi, nimeificha kwenye kabati langu. Sijamwambia mtu. Profesa bado yuko nyumbani. Nikisema, majaribio yangu yameisha. Nikinyamaza, nina kazi ya kudumu.

Bisibisi


Tarehe 3 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Tangu miaka miwili iliyopita.

Gari la mwalimu, jirani yetu, lilianza kuzimazima. Nilihangaika nalo kama ulivyohangaika wewe, mpaka nikapapasa waya nikakuta matundu matatu, shubiri kwa shubiri. Nani mwingine mji huu anapima hivyo? Niliyatoboa mwenyewe mwaka mmoja kabla. Nikatengeneza. Mwalimu akauliza ni nini kilichokula waya. Nikamwambia panya. Akanunua mitego sita, Bisibisi. Mpaka leo anaitega, na kila Jumamosi ananiambia panya wa siku hizi ni wajanja, hawanasi.

Sindano alinifundisha fundi wangu. Magari ya enzi zile waya zake zilikuwa nene kama kamba za viatu, umeme wake wa nguvu, tundu halikuwa kitu. Haya ya sasa waya ni nyembamba na zinabeba mnong'ono. Ukitoboa, mnong'ono unapotea. Niliyaelewa hayo miaka miwili nyuma na ningekuandikia siku ileile. Nilikaa kuandika mara mbili. Kila nikifika kwenye sindano, mkono unakuwa mzito. Barua yako ya Januari ilipofika nilishtuka, na ya Februari ilipofika nikawa sina shaka. Wiki sita zile sikuwa na mambo yoyote. Nilikuwa naona aibu.

Kuna mafundi wanane waliopita mikononi mwangu, na ni wewe peke yako ambaye huwa unauliza kwa nini. Niliogopa nikikuambia hili utarudi nyuma, uanze kuhesabu mangapi mengine niliyokufundisha ni mabovu. Wewe ukishaanza kuhesabu huachi. Nikaona heri nibaki kuwa mzee wako anayejua kila kitu, hata kama gari la mtu litazimika. Kisha mtoto akazaliwa barabarani. Mficha uchi hazai, ndivyo wanavyosema, na mimi nimeuficha mpaka ukamfika mtu asiyehusika.

Mwambie Bosi. Profesa arudi. Nimeambatanisha barua nyingine ndani ya bahasha hii, ni ya Bosi wako. Nimeandika kwamba nilikufundisha mimi, na kwamba nilijua nikanyamaza. Mpe ili lawama ije huku. Mimi ni mzee, hakuna wa kunifukuza zaidi ya mkazamjomba wako.

Kesho naenda kwa mwalimu kumwambia habari za panya.

Nisamehe, mwanangu.

Mjomba wako


Tarehe 2 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama amevunja miwani, nyumba imekuwa safi tena. Pacha aliyefungiwa kabatini amelipiza, lakini dada hataki niandike namna gani.

Barua yako nilikaa nayo wiki mbili bila kutaka kuiona tena. Nilikukasirikia, Mjomba. Nilikasirika mpaka nikawa najibu watu kwa neno mojamoja. Siyo kwa ajili ya tundu. Tundu hata mimi nimetoboa. Ni kwamba mimi nilikuwa nakuandikia kila kitu, isipokuwa kimoja, na wewe ulikuwa unaniandikia kila kitu, isipokuwa hichohicho.

Tarehe kumi na tisa Mei niliingia kwa Bosi. Mkunga alikuwepo, amekuja kuchukua gari tulilokuwa tukilijaribu mwezi mzima. Nilitaka kungoja atoke, nikaona maji nimeshayavulia nguo. Nikaweka mezani kile kipande cha waya, na sensa ya tatu ikiwa kwenye boksi lake, nikasema: "Haya matundu ni yangu. Profesa hakuleta feki." Bosi aliugeuzageuza waya kwa muda. Barua yako sikumpa. Mkono uliotoboa ni wangu.

Mkunga ndiye aliyezungumza kwanza. Akasema, "Kwenye kazi yangu, anayesema 'nimekosea' mapema ndiye ninayemwachia mgonjwa."

Bosi akanigeukia mimi. Aliniuliza swali moja tu: "Umetoboa magari mangapi mengine?"

Nikasema kumi na moja. Akadhani nabahatisha. Nikamletea daftari langu la tangu siku ya kwanza hapa. Kila gari, tarehe, waya gani, shubiri ngapi, hata nilipogusa nikaacha. Alilisoma lote akiwa amesimama. Akasema hajawahi kuona fundi anayeweza kukuambia makosa yake yako wapi kwa tarehe. Kisha akasema kazi ya kudumu sipati. Majaribio yameongezwa miezi sita, na kazi yangu ya kwanza ni kuwaita wenye magari hayo kumi na moja, mmoja mmoja, niwaambie kwa kinywa changu, na kubadilisha waya. Mpaka leo nimemaliza manne. Mmoja alinifokea, wawili walinishukuru, na wa nne alidhani nataka kumuuzia kitu.

Profesa amerudi. Nilimfuata kumwomba radhi, na hotuba niliyopata ilinipitisha saa ya chakula. Mwishoni alinionyesha jinsi ya kupimia nyuma ya plagi kwa pini bapa, bila kugusa ganda la waya. Nakuchorea kwenye karatasi ya pili, ujifunze.

Uliogopa nitahesabu. Nimehesabu. Jumapili nilichukua karatasi nikaigawa katikati, upande huu uliyonifundisha yaliyo mabovu, upande ule yaliyo mazima. Upande wa mabovu una sindano, na ile tabia yako ya kugonga starta kwa nyundo, na kunyamaza. Upande wa pili nilifika ukurasa wa tatu nikaacha, chai ilikuwa inapoa.

Sasa, nina gari. La mzee mmoja mstaafu. Akikanyaga breki, vifuta vya kioo vya mbele vinapiga mara moja na kusimama. Akiachia, havifanyi kitu. Profesa amecheka mpaka akakaa. Nimepima fyuzi, swichi ya breki na swichi ya vifuta, nimeandika yote kwenye karatasi ya tatu, nilichogusa na nisichogusa, na safari hii wa kwanza kwenye orodha ya walioligusa gari ni mimi. Nahisi kuna mahali umeme umekosa njia ya kurudi kwenye betri, ukaazima njia ya jirani. Lakini nahisi tu.

Wewe unaonaje? Nijibu upesi, Mjomba. Na kama hujui, niandikie kwamba hujui, tutafute wote.

Mpwa wako,
Bisibisi